Mwonjaji wa Chai ya Mama

Juzi binti yangu alinipeleka mahali fulani mjini ambapo watu huenda saa kumi za jioni kunywa chai. Si chai hii yetu ya kuchemsha sufuriani na maziwa. Msichana aliyetuhudumia alileta kisanduku cha mbao chenye vikopo vidogo, akavifungua kimoja kimoja na kuniambia ninuse, nichague. Mnanaa, waridi, maganda ya machungwa, mdalasini. Cha tano kilikuwa cha mchaichai. Nilikinusa, nikainuka, nikatoka nje na kusimama kando ya ukuta kama mtu anayesubiri gari. Binti yangu akanifuata mbio. "Mama, ni nini?" Nikamwambia ni joto. Ni miezi mitatu tu tangu tumzike nyanya yake, kwa hiyo alidhani ni majonzi, akanishika bega. Hakukosea sana. Lakini lipo jambo ambalo sijapata kumwambia, na nadhani nyinyi mliokulia Eastlands, mitaa ile ya mashariki ya jiji, miaka yetu mtalielewa upesi kuliko yeye.

Tulikuwa tukikaa Kaloleni, katika zile nyumba za mawe zenye vigae vyekundu. Baba alikuwa dereva wa lori la kiwanda kimoja huko Industrial Area. Kaka yangu Kioko alikuwa shule ya bweni Ukambani, na kwa jina lake mtaa mzima ulimwita mama yetu Mama Kioko. Mama alifanya kazi katika hoteli kubwa mjini, kwenye chumba ambamo wageni waliletewa chai mchana ukipungua. Alituhadithia majina ya chai hizo kama mtu anayetaja majina ya ndugu zake: hii ina maua, hii ina moshi, hii ina ganda la tunda ambalo kwetu halioti. Jioni nilikuwa nikifukia uso wangu kwenye aproni yake kabla hajaitundika ili ninuse alikotoka.

Halafu siku moja alirudi saa sita mchana. Aliketi kitandani bila kuvua viatu. Alisema wafanyakazi wamepunguzwa, na baba akasema basi, Mungu yupo. Sikusikia mengine.

Haikupita muda kabla mama hajaanza chai yake mwenyewe. Pembeni mwa ukumbi wa mtaa palikuwa na chumba kidogo ambacho akina mama wa kanisa walikuwa wakikitumia kushonea, nao wakamruhusu akitumie Jumamosi alasiri. Alitandika vitambaa vya maua kwenye meza tatu. Akapanga vikombe vyenye visosi, vingine vya kwetu, vingine vya kuazima. Juu ya rafu aliweka makopo ya maziwa ya unga aliyoyaosha na kuyajaza majani ya chai aliyochanganya kwa mkono wake: ya tangawizi, ya iliki na karafuu, ya maganda ya machungwa yaliyokaushwa juu ya bati, ya mnanaa, ya mchaichai uliokuwa ukiota karibu na mfereji nyuma ya nyumba yetu.

Watu walicheka mwanzoni. Jirani yetu Mama Njeri, aliyekuwa akiuza mboga sokoni na asiyejua kusema pole pole, alikuwa mteja wa kwanza. Alikiangalia kikombe cha chai ya machungwa, kisicho na hata tone la maziwa.

"Ngai! Mama Kioko, hii ni chai ama ni maji umeoshea sufuria?"

"Onja kwanza."

Akaonja. Akaonja tena. Akamaliza na kusukuma kikombe mbele. "Haya, lete hiyo ingine ya majani." Baada ya wiki chache makarani walikuwa wakiwaleta wachumba wao, na akina mama waliotoka kwenye mkutano wa kanisa walikuwa wakipita kwetu kabla ya kwenda kupika.

Kazi yangu ilikuwa kuonja. Kabla mlango haujafunguliwa, mama aliniketisha kwenye kigoda, akanimiminia kidogo katika kila kikombe na kuniuliza, "Unasikia nini?"

"Nasikia iliki."

"Imezidi?"

"Kidogo."

"Na maziwa? Yakoje?"

Nilionja maziwa ya zile pakiti za pembetatu, nikamwambia ni mazuri au yameanza kuchacha. Alinitazama mdomoni wakati wote, kama mwalimu wa hesabu anayengoja jibu. Aliniambia ni somo, kwamba nikisoma vizuri nitakuja kuwa mwonjaji wa chai kama wale wazungu waliokuwa wakija hotelini wamevaa tai. Mimi niliamini. Lakini hakuwahi kunipa hongera. Nikijibu, aliitikia kwa kichwa, akaongeza hiki au kupunguza kile, akaenda kwenye kopo jingine. Nilidhani majibu yangu hayatoshi. Shuleni nilikuwa wa katikati tu, na nikaona hata hapa niko katikati.

Mambo mengine niliyaona pia, nikayaelewa kwa akili yangu ya miaka tisa. Mama alikuwa akisimama jikoni na kuuegemeza uso wake kwenye ukuta wa saruji, macho amefumba, kwa muda mrefu. Nilidhani anaomba, na nilikuwa nikitembea kwa vidole nisimkatize. Aligonga fremu ya mlango kwa bega la kushoto, daima la kushoto. Wakati mmoja panya alikufia chini ya kabati na nyumba ikawa haikaliki. Baba aliporudi kutoka safari ya siku tatu alisimama mlangoni akiwa ameziba pua.

"Mama Kioko, husikii harufu hii?"

"Nasikia," mama alisema haraka. "Nilikuwa nikingoja huyu mtoto arudi shule anisaidie kuvuta kabati."

Nilikuwa nimerudi kutoka shule tangu saa saba. Niliona ananisingizia, na bado nikaona mimi ndiye wa kulaumiwa.

Sasa Njeri, binti wa Mama Njeri, alikuwa darasani kwangu na alikuwa na ulimi kama wa mama yake. Jumamosi moja nilitumwa kununua makaa. Niliporudi nikasikia mama yangu akicheka ndani ya chumba cha chai. Nilichungulia. Njeri alikuwa ameketi kwenye kigoda changu, kikombe mkononi, macho ameyafumba kwa mbwembwe.

"Nasikia kama... kama kanisani siku ya harusi," alisema.

Mama akacheka tena, akampigapiga mgongoni. "Wewe una pua!"

Niliweka makaa chini. Na mimi hakuwa akicheka. Kwangu mimi ilikuwa iliki, imezidi, kidogo, haya basi. Nilikaa na jambo hilo wiki nzima, nikalala nalo na kuamka nalo.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa kubwa. Wanawake sita wa kamati ya harusi walikuwa wanakuja kutoka Makadara kuonja. Wangependa chai yake, mama angetengeneza chai ya harusi nzima, na baada ya hiyo nyingine zingemfuata. Alivaa gauni lake la buluu la kanisani. Tangu asubuhi alikuwa akishika paji la uso na kusema ni jua. Njeri alikuwa ameenda sokoni na mama yake, ambaye aliahidi kurudi mapema asaidie kugawa vikombe. Kwa hiyo nilibaki mimi.

Asubuhi hiyo mafuta ya taa yalikuwa yamemwagika nilipokuwa nikijaza stovu katika chumba cha chai, na mama aliyafuta kwa kitambaa cheupe akakiacha kwenye ukingo wa meza. Alasiri, katika haraka zake, alikichukua kitambaa hicho hicho, akakifunga kwenye mdomo wa birika kubwa, akachuja chai ya mchaichai. Mimi nilikuwa napanga sukari; sikuona. Mama Njeri na bintiye waliingia, na Njeri akatumwa asimame nyuma ya mlango kungoja wageni.

"Njoo uonje upesi," mama aliniambia. "Wamefika getini."

Nilionja. Mafuta ya taa yalipanda hadi puani, ulimi ukaniwaka. Nilimtazama mama. Alikuwa ananitazama mdomoni, amekunja vidole.

"Unasikia nini?"

Nimelifikiria jibu langu kwa muda mrefu kuliko nilivyofikiria jambo lolote jingine. Sikuwa nimepanga ubaya. Nilijua yeye mwenyewe amekwisha kunusa, kwa sababu hakuna mtu ambaye asingenusa. Kwa hiyo niliona huu ni mtego, ni mtihani wa kunilinganisha na Njeri. Na nilikuwa nimechoka kupimwa. Nikasema, "Mchaichai. Na asali kidogo. Ni tamu."

Mama akanishika shavu. "Asante, mwanangu," akasema. Hakuwa amewahi kuniambia hivyo katika chumba kile. Hapo nilikuwa bado naweza kusema kweli. Mlango ukafunguliwa.

Mama wa bibi harusi alikuwa mwalimu, mama mnene mwenye sauti ya kutuliza darasa. Ndiye aliyepewa kikombe cha kwanza. Alikiinua, akanywa, akakirudisha kwenye kisosi taratibu kabisa.

"Mama Kioko. Hii ni nini?"

"Ni chai ya mchaichai, Mwalimu."

"Hii ni mafuta ya taa."

Mwingine alitema ndani ya kisosi. Mwingine akasimama akitafuta dirisha. Mmoja alicheka, kile kicheko cha pembeni kinachouma kuliko tusi, akasema kwamba si ajabu hotelini walimtoa. Mama Njeri alianza kumjibu kwa hasira, lakini mama yangu aliinua mkono anyamaze. Akakichukua kikombe cha Mwalimu, akakipeleka puani, akavuta pumzi ndefu. Akaonja. Kisha akanywa yote, mbele yetu sote, akakiweka kikombe mezani kikiwa kitupu.

"Mimi sisikii chochote," alisema.

Kati ya wale wageni alikuwamo muuguzi, mwanamke mwembamba waliyemwita Sista Rhoda. Aliinuka akamkalisha mama kwenye kigoda changu. Akaomba kitunguu. Akakikata, akamfumba mama macho, akakipitisha chini ya tundu moja la pua, halafu la pili.

"Ni nini hiki?"

"Sijui."

"Tangu lini, Mama Kioko?"

Mama alifumbua macho. "Miaka miwili. Nilidhani ni mafua." Akatazama sakafu. "Hotelini niliwapa wageni maziwa yaliyochacha. Mara tatu."

Sista Rhoda alinyoosha kidole upande wa kushoto wa uso wa mama, akakisogeza polepole, akamwambia aseme akikiona. Kidole kilikuja mpaka karibu na pua kabla mama hajasema. "Jumatatu nitakuja mwenyewe kukuchukua," alisema Sista. "Usipike, usifue. Kaa."

Baba alipoambiwa jioni ile hakupaza sauti. Aliketi mkabala na mama, kofia yake ya kazi magotini. "Miaka miwili," alisema, "na mimi nalala kitanda kimoja na wewe."

Jumatatu walimpeleka hospitali. Hakurudi siku ile. Hakuna aliyekaa chini akanieleza. Wakubwa walinong'ona "kichwani", wakasema "watampasua", wakaniona wakanyamaza. Mimi nilikuwa na maelezo yangu. Nilikuwa nimemwona mama akinywa kikombe kizima cha mafuta ya taa mbele ya macho yangu, na siku mbili baadaye kichwa chake kikaharibika. Ilikuwa wazi kama hesabu ya kujumlisha. Mafuta yalipanda kichwani, na mimi ndiye niliyesema ni tamu.

Nililala kwa Mama Njeri wiki zile baba alipokuwa safarini. Sikuweza kula. Mama Njeri aliniwekea ugali na sukuma wiki, akanisihi, akadhani namkosa mama. Njeri ndiye aliyenisogelea tukiosha vyombo.

"Si wewe ndiye ulionja ile chai?"

"Ndio."

"Na hukusikia mafuta? Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na nilisikia."

"Nilikuwa na mafua," nilisema.

"Wacha uongo." Lakini hakumwambia mtu. Alisuuza sahani akanipa nipanguse, na tangu hapo alikuwa akinisogezea nyama yake kwenye sahani yangu bila kusema neno, jambo lililonitesa zaidi.

Watoto hawakuruhusiwa wodini. Jumapili baba alinisimamisha kwenye nyasi nje, akaniambia niangalie dirisha la ghorofa ya pili. Mama alitokea, kichwa chake kimefungwa bendeji nyeupe kote. Alipunga mkono. Alipungia upande ambao hatukuwapo; hakuwa ametuona vizuri. Baba alipunga, akaniambia nami nipunge, na mimi nikapunga huku nikimwomba Mungu achukue ulimi wangu amrudishie yeye pua.

Walimtoa uvimbe ulio kama yai la kuku. Nilikuja kujua hayo baadaye. Alirudi nyumbani amekonda, nywele zimenyolewa, kitambaa kichwani, jicho la kushoto halioni ila kivuli. Harufu hazikurudi kamwe. Chumba cha ukumbini kilikuwa kimerudi kwa akina mama washonaji, na yale makopo baba alikuwa ameyaleta nyumbani akayatia misumari. Nilikuwa namkwepa. Alipoingia mimi nilitoka kuchota maji, hata ndoo zikiwa zimejaa.

Jumapili ya kwanza aliyoweza kutembea, alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Alishukuru madaktari, akamshukuru Sista Rhoda, akamshukuru Mwalimu, ambaye alikuwa amemletea mayai hospitalini na kumwomba radhi kwa niaba ya wote. Kisha akasema, "Daktari aliniambia kitu hiki kilikuwa kikikua kichwani mwangu kwa miaka mingi. Miaka mingi, wapendwa, nami nikikificha. Ningechelewa miezi michache tu, mngenizika. Mungu alikiweka kile kitambaa pale mezani."

Watu wakasema amina. Mimi niliyasikia maneno "miaka mingi" na kitu kikafunguka kifuani hata nikashindwa kukaa. Nilijikuta nimesimama katikati ya benchi, kanisa zima limegeuka. Mchungaji akatabasamu, akasema hata binti ana neno. Nilifungua kinywa. Nilitaka kusema kwamba si Mungu peke yake, kwamba mimi nilionja. Hakuna kilichotoka ila kilio. Na akina mama, kwa huruma yao, walianza kuimba ili kunisaidia, wakapiga makofi, ngoma ikaingia, wimbo ukapanda ukanifunika. Mama Njeri akanivuta nikae.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Baba na Mama Njeri walitangulia wakiongea. Mama alitembea polepole, nami upande wake wa kushoto, upande ambao hakuniona.

"Ulitaka kusema nini?" aliniuliza.

Nikamwambia. Nilimwambia nikitazama viatu vyangu.

"Ulisikia mafuta?"

"Nilisikia."

"Ukanyamaza?"

"Nikasema ni tamu. Kwa sababu ya Njeri. Ulicheka naye."

Mama alisimama. Watu waliotoka kanisani walitupita wakitusalimu, naye akawaitikia mmoja mmoja mpaka wakaisha.

"Ungeniambia kweli," alisema, "ningeimwaga ile chai nikachemsha nyingine. Wangekunywa, wangesifu. Ningeendelea kuficha mpaka nife." Alisema hivyo bila shukrani, kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. "Lakini wewe hukuyajua hayo."

"Sikuyajua."

"Basi usijisifu nayo."

"Sijisifu, mama."

"Na usiyabebe peke yako. Mimi nilikwambia ni somo. Halikuwa somo. Nilikufanya wewe, mtoto, kuwa pua yangu kwa sababu niliogopa kumwambia mtu mzima. Njeri sikumtegemea kwa lolote, ndiyo maana niliweza kucheka naye." Akapangusa jicho lile lisiloona. "Mimi ndiye niliyeanza kudanganya katika chumba kile."

Nilingoja anikumbatie, au anipige. Vyote viwili ningevipokea. Hakufanya hata kimoja. Alipapasa hewani mpaka akapata mkono wangu, akaushika si kwenye kiganja bali kwenye kifundo, kwa nguvu, jinsi mtu anavyomshika mtoto karibu na barabara. Tukatembea hivyo mpaka mlangoni kwetu. Vidole vyake viliniuma, nami sikumwambia alegeze.